Kuufanyia moyo usafi kila jioni, ili Mungu apate pa kukaa

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wao ni hekalu la Mungu (1 Kor. 3:16). Hekalu halisubiri Pasaka ndipo lifagiwe. Tenga dakika 15 kila jioni, kabla usingizi haujakulemea. Chukua Biblia ya kitabu, daftari dogo na kalamu. Simu ibaki chumba kingine, maana ujumbe mmoja ukiingia tu, moyo umeshaondoka.

1. Omba uchunguzwe. Soma Zaburi 139:23-24 kwa sauti. Anayechunguza ni Mungu. Ukijikagua peke yako, utajitetea au utajiponda.

2. Pitia siku yako, saa kwa saa. Andika tendo, usiandike tabia. "Nina kiburi" ni neno pana mno, hulipatii pa kulishika. "Nilimkatiza mama mkwe mbele ya wageni" unaweza kulitubu usiku huohuo. Mistari mitatu inatosha.

3. Ungama. Soma Zaburi 51, kisha taja kila mstari wa daftari lako kwa jina lake. Ukishaungama, shika ahadi ya msamaha katika 1 Yohana 1:9 na usilifukue kosa hilo tena kesho.

4. Tengeneza na mtu. Hapa ndipo wengi hukwama, miezi hata miaka. Wanamlilia Mungu kwa jambo ambalo jirani bado anasubiri kuombwa radhi, halafu wanashangaa amani haiji. Mathayo 5:23-24 inaagiza uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza kupatana na ndugu yako.

Nenda mwenyewe, mchana, bila kutuma mtu. Taja kosa lenyewe: "Baba Neema, Jumanne niliwaambia wenzetu kuwa umekula hela ya kikundi. Sikuwa na ushahidi. Nimekukosea, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usiseme "kama nilikukwaza", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia yeye mzigo. Usieleze kilichokusukuma. Waliosikia uongo wako nao uwarudie, mmoja mmoja.

Kama ulidhulumu mali, Walawi 6:5 inadai urudishe yote na kuongeza sehemu ya tano: shilingi 20,000 zinakuwa 24,000. Huna? Mpe tarehe, ulipe 2,000 kila wiki bila kukumbushwa. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walijulikana kwa hili, kurudisha walivyoiba na kulipa madeni.

Lakini wivu au tamaa aliyokuwa haijui mwenzako, imalize na Mungu au na mchungaji wako. Kumwambia ni kumtwisha yeye uchafu wako. Na aliyepigwa anaweza kusamehe bila kurudi kwenye nyumba ya kipigo. Asiyekubali kukusamehe usimgande; wewe umeshatimiza sehemu yako.

5. Jaza. Katika Mathayo 12:43-45 pepo mchafu anairudia nyumba na kuikuta tupu, imefagiwa na kupambwa, anaingia na wenzake saba. Ufagio ulipita vizuri, ila hakuna aliyekaa ndani. Kwa hiyo usifunge daftari kabla hujanakili aya moja ya Injili kwa mkono wako. Isome asubuhi kabla ya kugusa simu, kisha mwombee kwa jina yule uliyemkosea.

6. Chana ukurasa wa jana. Deni ambalo halijalipwa lihamishie ukurasa mpya, juu kabisa.