Ukifunga, toa chakula ulichokiacha

Siku ya kufunga, chakula ambacho ungekula, au fedha yake, mpe mwenye njaa siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi. Katika Isaya 58 Mungu anawakataa waliofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao; saumu anayoitaka ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Ukifanya hivyo, kila tumbo linapouma unamkumbuka mtu, na maombi yako yanapata jina la kutaja. Kwangu hapo ndipo kufunga kulipoanza kuwa na uzito. Haisaidii ukitangaza ulichotoa (soma Mathayo 6), wala ukifidia jioni kwa kula maradufu. Mwenye kisukari au mjamzito asijilazimishe kuacha kula. Kutoa bado anaweza.