Namna ya Kuchota Ilhamu kwa Marafiki Wabunifu na kwa Mwalimu

Mtu mwenye marafiki wanaochora, wanaotunga au wanaopiga ala hutarajiwa kuwa na ari wakati wote, lakini wengi wetu tunajua kwamba ukaribu huo mara nyingine humvunja mtu moyo kuliko unavyomwinua. Husuda ina sehemu yake, ila sababu kubwa ni kwamba tunachokiona kwa rafiki ni kazi iliyokwisha: picha iliyotundikwa ukutani, shairi lililokaa sawa kwa vina na mizani, wimbo usio na sauti iliyopotea. Kazi ya namna hiyo haina mengi ya kumfundisha anayetaka kufanya yake, kwa sababu imekwisha kuzificha alama za mikono iliyoihangaikia. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hawakuongeza kwamba twende tukamtazame fundi akiwa bado ameshika tezo, na huko ndiko ninakotaka kukupeleka.

Anza kwa kumwomba rafiki akuonyeshe kazi ikiwa mbichi. Ombi hili lifanywe kwa adabu na kwa faragha, kwa maana rasimu ni kama chumba ambacho hakijafagiwa, na si kila mtu anapenda mgeni akione. Njia rahisi ya kumwondolea rafiki wasiwasi ni kutangulia wewe: mpelekee rasimu yako yenye makosa, umwambie wazi kwamba hutafuti sifa, kisha uombe kuiona yake. Akikubali, liepuke swali la "Wazo hili ulilipata wapi?", ambalo wasanii wengi hulijibu kwa hadithi nzuri waliyoitunga baada ya kazi kwisha. Uliza mambo yanayoshikika. Ulianza na kipande gani? Ni sehemu ipi uliyoipenda lakini ukaiondoa? Ulikwama wapi, na siku uliyojinasua ulifanya nini tofauti? Majibu yake yaandike siku hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe, katika daftari ambalo hulitumii kwa jambo jingine. Usiandike kwamba kazi yake ilikufurahisha. Andika kwamba alifuta beti tatu za mwanzo, au kwamba huchora vivuli kabla ya nyuso, maana hayo ndiyo utakayoweza kuyajaribu kesho.

Baada ya kutazama, fanyeni kazi pamoja. Mwaka 1869, Claude Monet na Auguste Renoir, wakiwa vijana wasio na fedha wala jina, waliweka turubai zao pembeni mwa mto Seine, mahali palipoitwa La Grenouillère, karibu na Paris, wakachora mandhari ileile. Picha zao zikiwekwa pamoja, utaona kwamba Monet alishughulishwa zaidi na maji na mwanga uliovunjika juu yake, akipaka kwa mapigo mapana, ilhali Renoir aliwaendea watu na mavazi yao kwa mkono mwororo zaidi. Zoezi hili linaweza kufanywa na marafiki wowote wawili, hata kama mmoja anaandika na mwingine anachora. Chagueni kitu kimoja, kiwe mti, mtu anayefanya kazi au chumba, mjiwekee saa moja, msizungumze, kisha mzilaze kazi zenu mezani. Lengo si kujua nani ameshinda. Tafuta kile ambacho mwenzako alikiona na wewe ukakipita kana kwamba hakikuwapo. Nimelifanya zoezi hili mara nyingi, na sijawahi kukosa walau kitu kimoja cha kunitia haya.

Kunakili nako kuna nafasi yake, ingawa wengi hukuonea aibu. Paul Cézanne, katika mwaka 1872, aliazima picha ya kijiji cha Louveciennes iliyochorwa na Camille Pissarro, mchoraji mwenzake aliyemzidi umri, akainakili, kisha kwa muda mrefu wakafanya kazi bega kwa bega huko Pontoise na maeneo ya jirani. Cézanne, ambaye hapo awali alizoea rangi nzito zenye giza, alijifunza kuzitia nuru rangi zake na kuchora nje mbele ya kitu chenyewe. Nakili kwa ajili ya mkono wako tu: mwombe rafiki ruhusa, fuata kazi yake hatua kwa hatua, na karatasi hiyo ibaki nyumbani. Mkono utagundua mambo ambayo jicho liliyaruka, kwa mfano jinsi sentensi inayosomeka kwa wepesi ilivyobebeshwa vitenzi vingi kuliko ulivyodhani.

Marafiki wa namna hii hawahitaji kuwa wengi. Wawili wanatosha, na ni afadhali wawe wale wanaomaliza wanachokianza kuliko wale wanaozungumza vizuri juu ya sanaa. Ukaribu nao uwekewe mipaka. Vincent van Gogh na Paul Gauguin waliishi nyumba moja mjini Arles mwishoni mwa mwaka 1888; walichora kwa wingi, na baada ya wiki tisa hivi wakaachana kwa ugomvi mkali. Onaneni kwa siku maalumu, kisha kila mmoja arudi kwenye upweke wake.

Mwalimu ni suala jingine. Rafiki unaweza kumtazama akifanya kazi, lakini mwalimu kwa kawaida ndiye anayekutazama wewe, na ilhamu yake hutokana na kile alichokiona kwako kabla wewe hujakiona. Mwaka 1954, Astor Piazzolla alikwenda Paris kujifunza utunzi kwa Nadia Boulanger, akimpelekea kazi za okestra na kumficha kwamba alikuwa mpigaji wa tango, muziki wa dansi wa Argentina. Boulanger aliona kwamba kazi zile zilitungwa kwa ustadi, lakini hakumwona mtunzi mwenyewe ndani yake. Alipomshurutisha apige tango, akamwambia kwamba huyo ndiye Piazzolla, asimwache kamwe. Kwa hiyo ukienda kwa mwalimu, beba kazi mbili: ile uliyoiandaa ili imridhishe, na ile uliyoifanya kwa kujifurahisha, ambayo unaona haya kuionyesha. Usimwulize ipi ni bora. Mwulize ni ipi inayofanana nawe, na akikujibu, usijitetee.

Kama mwalimu wako hayupo tena karibu, au miaka imepita, bado unaweza kumtumia. Kaa chini uandike kila jambo unalolikumbuka alilolisema au alilolifanya juu ya kazi yako, kisha chagua moja uligeuze kuwa kazi ya wiki moja. Mwalimu wangu wa utunzi alikuwa na tabia ya kuweka nukta ya penseli pembeni mwa mstari usiomridhisha, asiseme neno. Kwa miaka mingi niliuchukia ukimya ule. Siku moja nikaamua kuziweka nukta hizo mwenyewe kwenye rasimu zangu za zamani, na karibu zote ziliangukia aya za kwanza, pale ninapozunguka kabla ya kuingia ndani ya jambo. Tangu hapo, ninapokwama, huifuta aya ya kwanza na kuanza na ya pili.

Sauti ya mwalimu, hata hivyo, inaweza kukukaba. Ukijikuta unajua atasema nini kabla hujaandika sentensi, na kwa sababu hiyo huiandiki, fanya kazi moja kwa makusudi ambayo asingeipenda. Huo si utovu wa adabu. Mwaka 1906, Pissarro akiwa amekwisha kufariki, Cézanne alijitaja katika orodha ya maonyesho kuwa mwanafunzi wa Pissarro, na wakati huo picha zake zilikuwa hazifanani hata kidogo na za mkubwa wake huyo.

Mwisho, mrudishie mwalimu kitu. Mwandishi Albert Camus, baada ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957, alimwandikia Louis Germain, aliyemfundisha shule ya msingi mjini Algiers, akimweleza kwamba bila mkono aliomnyooshea alipokuwa mtoto maskini, hayo yote yasingetokea. Huna haja ya kungoja tuzo. Andika barua fupi yenye tukio moja tu unalolikumbuka na jinsi unavyolitumia leo katika kazi, kisha uambatishe rasimu unayohangaika nayo sasa, pamoja na penseli.