Namna ya Kuiingiza Tiba ya Uraibu Katika Bajeti ya Halmashauri: Mwongozo kwa Vikundi vya Arusha na Moshi

Vikundi vingi vya wazazi na vya waraibu walio kwenye nafuu huanza madai yao kwa kuitaja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Si vibaya, ila sheria peke yake hailipi mshahara wa mnasihi. Hata Marekani, sheria ya uraibu iliyosainiwa Julai 2016 iliidhinisha huduma bila yenyewe kutoa fedha, ikabidi Bunge lao lirudi Desemba mwaka huohuo ndipo majimbo yakaahidiwa dola bilioni 1 kwa miaka 2. Kwetu, swali la kuuliza ni hili: huduma hiyo imeandikwa kwenye kasma ipi, yaani kifungu kipi cha matumizi, ya bajeti ya Jiji la Arusha au ya Manispaa ya Moshi? Isipokuwa na kasma, mweka hazina hawezi kuilipia hata mkurugenzi akiwa na nia njema.

(Aliye na mgonjwa leo asisubiri bajeti. Apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, au ampeleke Hospitali ya Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi.)

Kabla ya kwenda popote, kubalianeni mnaomba nini hasa, maana hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika. Watu husema tu “tunataka methadoni”, kwa kuwa wamesikia habari za Muhimbili, ambako tiba hiyo ilianza nchini mwaka 2011. Methadoni humsaidia aliyezoea heroini na dawa za jamii yake. Haimtibu mlevi wa gongo, mtafunaji wa mirungi wala mvuta bangi. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo anahitaji kitanda, dawa na mtaalamu, na kumfungia chumbani ni kumhatarisha. Kama mtaani kwenu wengi wanasumbuliwa na pombe, semeni hivyo bila haya, hata kama unga ndio unaozungumzwa zaidi.

Kwa wanaotumia heroini, angalieni gharama zilizojificha. Methadoni katika kliniki za serikali hutolewa bure, lakini kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, siku baada ya siku, na nauli ya kifodi ya kwenda na kurudi ndiyo humwangusha. Akikosa dozi, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, humrudisha kijiweni. Ombi la kusogeza huduma kwenye kituo cha afya cha karibu, au la posho ya waelimisha rika, linaweza kuokoa wengi kuliko jengo jipya. Ulizeni pia kuhusu naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini: je, ipo kwenye zahanati au inabaki hospitalini tu, na ni nani aliyefundishwa kuitumia?

Sasa njia yenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na wengi hukumbuka bajeti inaposomwa bungeni mwezi Juni, wakati ambapo halmashauri zimeshamaliza kazi yao miezi kadhaa nyuma. Anzeni Septemba au Oktoba. Hoja ipitie mkutano wa mtaa, iende kwa Mtendaji wa Kata, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Msiridhike na makofi, hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari, kwa maneno yanayopimika, kwa mfano: “Kikao kimeazimia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri uweke fedha za kununua naloksoni na kuwafundisha wahudumu wa zahanati ya kata hii.” Nakala ya muhtasari huo mpelekeeni Mganga Mkuu wa halmashauri kabla timu yake haijafunga mpango, na diwani awe nayo mkononi Baraza la Madiwani litakapokaa.

Ulizeni chanzo cha fedha. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, ilionekana jinsi huduma zinazotegemea wafadhili zinavyoweza kuyumba kwa siku chache. Kwa maoni yangu, sehemu ndogo inayotoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri ni salama kuliko ahadi kubwa ya mradi.

Kwa walio kwenye nafuu, ipo pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kianzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Bajeti ikishapitishwa, fuatilieni utekelezaji kila robo mwaka. Baada ya Septemba 30 andikeni barua kwa mkurugenzi, mkiitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inayotoa siku 30 za kujibu, mkiuliza kiasi kilichotengwa, kiasi kilichopokelewa na kilichotumika. Barua igongwe muhuri wa masjala, nanyi mbaki na nakala.