Somo: Mtindi wa nyumbani kwa wenye presha (nimechoka na inboksi)

Wakuu, salaam. Kila wiki mtu ananiuliza "ule mtindi wa presha unautengenezaje?" Ni mtindi tu, hauna jina jingine. Naandika mara moja.

1. Chemsha maziwa lita moja mpaka yatokote. Mabichi hapana, brusela (ugonjwa unaoweza kuja na maziwa mabichi) haina undugu.

2. Engua utando wa mafuta kama kolesteroli yako iko juu.

3. Acha yapoe. Hapa nilishaumia. Nilikuwa na haraka, nikatia mtindi wa jana maziwa yakiwa bado yanafuka. Kesho yake yako vilevile, siku ya pili machungu na yananuka. Nikamwaga lita tatu. Bakteria nilikuwa nimewaua, na hao ndio wenye kazi: wakichachusha, wanaikata protini ya maziwa, kasini, vipande vidogo vidogo. Baadhi ya vipande hivyo huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na vidonge vya presha vya captopril na enalapril, ila kwa nguvu ndogo sana. Tumbukiza kidole kisafi: ukihesabu hadi kumi bila kukitoa, tayari. USIPIME kwa kugusa sufuria kwa nje, inadanganya.

4. Tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, koroga, funika, weka penye joto hadi kesho.

5. Friji. Chumvi usitie. Sukari ukijaza, umejipikia soda.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo niache dawa?
— Nimeandika wapi hivyo? Dawa meza, mtindi kunywa.

— Wangu haukuganda.
— Ulihesabu kumi?
— Niligusa sufuria.
— Haya.

— Shikamoo. Baba ana presha na figo zimechoka, anywe?
— Marahaba. Hapo ngoja kwanza. Mtindi una potasiamu na fosforasi, na figo dhaifu hushindwa kuvitoa. Muulize daktari wake kiasi, usifuate somo langu.

— Mbona Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama na moyo hauwasumbui?
— Swali zuri. George Mann, daktari wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 1964 utafiti wa Wamasai wa Tanganyika: kolesteroli chini, dalili za ugonjwa wa moyo chache mno. Mwaka 1974 akaanza kuushuku mtindi wenyewe kwamba ndio unaoishusha. Lakini mwaka 1972 walikuwa wamechunguza mioyo ya maiti 50, wakakuta mafuta kwenye mishipa kama kawaida, ila mishipa yenyewe mipana. Mann aliona ni mazoezi. Wale watu wanatembea, mkuu. Sisi tunapanda bodaboda kwenda dukani.

— Kwetu Kericho tunasugua kibuyu cha mtindi na mkaa wa mti wa senetwet, inaitwa mursik. Ina harufu ya moshi, tamu ajabu.
— Dada, kibuyu unakioshaje kisibaki na uchafu wa juzi?
— Maji moto na ufagio wa njiti, halafu kikauke kabisa kabla ya mkaa.
— Asante, hilo sikulijua. Na maji yanayojitenga juu ya mtindi msimwage, mimi nakandia chapati.