Jinsi ya Kuzisoma Nyaraka za Lord Acton, Kuanzia Sentensi Moja

Karibu kila anayefuatilia siasa amewahi kuisikia kauli kwamba madaraka huelekea kumharibu mtu, na madaraka yasiyo na mipaka humharibu kabisa. Kauli hiyo imetoka katika barua ya faragha. Mwanahistoria Mwingereza John Acton aliiandika tarehe 5 Aprili 1887 kwa Mandell Creighton, kasisi wa Kianglikana na mwanahistoria mwenzake.

Mimi kazi yangu ni nyaraka za zamani, na wanafunzi wangu huwaanzisha na Acton. Huyu hakumaliza hata kitabu kimoja kikubwa. Historia ya uhuru aliyoipania kwa miaka mingi hakuiandika kamwe. Alichotuachia ni mihadhara, makala, dondoo nyingi mno na barua, kwa hiyo asiyejua kusoma barua hawezi kumpata Acton.

Hatua ya 1: Andaa ukurasa mmoja wa maisha yake

Alizaliwa Naples mwaka 1834, akalelewa Mkatoliki, akasomea Munich kwa mwanateolojia Ignaz von Döllinger. Aliwahi kuwa mbunge. Wakati wa Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa 1869 hadi 1870, alikuwa Roma akipinga fundisho la kutokosea kwa Papa. Mwaka 1895 akawa profesa wa historia Cambridge, na mwaka 1902 akafia Tegernsee, Bavaria. Ukurasa huu uwe mezani kila unapofungua barua, maana marafiki wakiandikiana hawaelezani wanayoyajua wote wawili.

Hatua ya 2: Tafuta pande zote mbili

Hapa ndipo wengi hukwama. Barua ikishatumwa ni mali ya aliyeipokea. Ukifungua masanduku ya Acton, kwa sehemu kubwa utakutana na sauti za wengine wakimwandikia yeye. Sauti yake mwenyewe iko katika masanduku ya watu wengine.

Karatasi zake nyingi ziko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko pia ndiko iliko maktaba yake binafsi ya vitabu takriban 60,000. Andrew Carnegie, tajiri wa Marekani, aliinunua na kumwachia Acton aitumie hadi kufa, kisha Carnegie akampa mwanasiasa Mwingereza John Morley, naye Morley akaikabidhi kwa chuo. Lakini barua ambazo Acton alimwandikia Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, zimo katika nyaraka za Gladstone, British Library, London. Alizomwandikia Richard Simpson, mshirika wake katika uhariri wa majarida ya Kikatoliki, zilihifadhiwa katika monasteri ya Downside.

Kwa hiyo unapoingia kwenye Discovery, katalogi ya mtandaoni ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, usiandike jina la Acton pekee. Andika pia jina la kila mtu aliyeandikiana naye. Kila unachokipata, nakili namba yake ya kumbukumbu kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Anza na zilizochapishwa, lakini mchunguze mhariri

Si lazima upande ndege. Matoleo ya zamani ya barua za Acton yamo Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na unaweza kuyasoma bure ukiwa Mwanza au Mombasa. Barua kwa Creighton ilichapishwa mwaka 1907, miaka mitano baada ya Acton kufa.

Ila usimwamini kila mhariri. Mwaka 1906 mtawa Mbenedikto Francis Aidan Gasquet, aliyekuja kuwa kardinali, alitoa kitabu cha barua za Acton kwa Simpson. Alikata sehemu na kubadilisha maneno bila kumwonyesha msomaji palipoguswa. Mambo hayo yalianikwa mwaka 1950 barua zenyewe zilipolinganishwa na kitabu, na toleo kamili la juzuu tatu likatoka kati ya 1971 na 1975. Mimi naliona hilo kuwa kosa zito: anayerekebisha barua ya marehemu humsemesha asiyoyasema. Kama lipo toleo jipya, tumia hilo. Kama halipo, omba picha ya barua yenyewe.

Hatua ya 4: Ipe barua tarehe

Barua nyingi za enzi ya Malkia Victoria zina siku na mwezi bila mwaka. Tuseme umeshika iliyoandikwa "Jumanne, 5 Aprili". Kati ya 1880 na 1900, tarehe hiyo iliangukia Jumanne mwaka 1881, 1887, 1892 na 1898. Sasa soma yaliyomo. Ikizungumzia juzuu mpya za Creighton kuhusu Mapapa, zilizotoka 1887, umeshapata jibu. Mwaka uliokisia wewe uuweke ndani ya mabano ya mraba, ili anayekuja baada yako ajue kwamba si wa mwandishi.

Hatua ya 5: Irudishe sentensi kwenye ugomvi wake

Creighton alikuwa mhariri wa jarida la English Historical Review, lililoanza 1886. Acton aliandika uhakiki mkali wa juzuu hizo za Mapapa, na Creighton akauchapisha katika jarida analolihariri mwenyewe. Uungwana wa namna hiyo ni nadra. Walichobishania barua zao ni hiki: je, mwanahistoria awahurumie wakubwa wa zamani waliotesa watu kwa ajili ya imani, kwa kuwa ndivyo zama zao zilivyokuwa?

Acton alikataa kabisa. Kwake, Papa na mfalme wapimwe kwa kipimo kilekile cha mtu wa kawaida, na mwenye cheo kikubwa atiliwe shaka zaidi. Hapo ndipo sentensi yetu inapotokea, na mara inafuatwa na nyingine kali kuliko hiyo: kwamba watu wakuu karibu wote huwa watu wabaya. Ukiisoma mahali pake utaona kwamba inamkaripia pia mwandishi wa historia anayewatetea watawala. Jibu la Creighton, la upole na lenye hoja, mjane wake Louise alilichapisha mwaka 1904 katika kitabu cha maisha na barua za mumewe. Zisome barua hizo mbili siku moja.

Hatua ya 6: Nukuu na ruhusa

Unaponakili, acha vifupisho na tahajia kama zilivyo. Neno usiloweza kulisoma liwekee alama ya kuuliza, usilibuni. Chumba cha kusomea nyaraka ingia na penseli, si kalamu ya wino, na uliza kwanza kama simu inaruhusiwa kupigia picha.

Ukitaka kuchapisha barua ambayo haijawahi kutoka, kumbuka sheria ya Uingereza: maandishi ya mtu aliyefariki kabla ya 1969, ambayo hayakuwa yamechapishwa hadi Agosti 1989, kwa kawaida yana hakimiliki hadi mwisho wa 2039. Iandikie maktaba barua pepe, taja namba ya kumbukumbu na kurasa unazozihitaji, na uombe ikueleze mwenye haki ni nani.