Maji yakikatiza lami usipite

Jamani madereva wa njia ya Dar-Lindi-Mtwara, mvua ndo hizo zinaanza, naomba mnisikilize. Ukikuta maji yanakatiza juu ya lami usiangalie fuso kapita ukasema na mimi napita, fuso ni zito na limenyanyuka, wewe una kigari kidogo cha IST. Maji yanayokimbia yakifika sm 30 hivi, hata goti hayajafika, yanaweza kuielesha gari ndogo matairi yakaacha kushika, sm 60 hata pikapu inaondoka na maji. Afu huoni chini kuna nini, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyopita pale Somanga barabara ilikatika kabisa, magari yakakwama huku na huku. Usiku ndo usijaribu, bora ulale hapo Nangurukuru hata ndani ya gari.

Na ikitokea umeingia gari ikazima maji yanapanda, achana na kuwasha, fungua mkanda, shusha kioo fasta kabla umeme haujakata maana mlango maji yakiusukuma kwa nje haufunguki, tokeni dirishani, watoto kwanza, mizigo iacheni.