Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kudai Fidia ya Gari la Kambi

Mwenye Land Cruiser iliyofungwa hema juu ya paa, jokofu, betri ya pili na paneli za sola huiona kama nyumba yake ya porini, lakini kampuni ya bima hulitambua gari lile tu lililoelezwa kwenye hati ya bima. Kwa hiyo, kabla ya safari, na si baada ya hema kuraruliwa na nyani au kuchanwa na tawi la mgunga, soma hati hiyo na uhakikishe kwamba kila kifaa ulichoongeza kimetajwa pamoja na bei yake. Risiti na picha zake zitunzwe mahali pengine, kwa maana ushahidi uliowekwa ndani ya gari huteketea pamoja na gari.

Nchini Tanzania sheria inamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo wengi huiita bima ndogo, na hiyo haitengenezi gari lako hata kidogo. Anayetegemea kulipwa kwa uharibifu wa gari lake mwenyewe anahitaji bima kubwa. Stika yake ihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwani kuonyeshwa stika tu si uthibitisho. Anayevuka mpaka kuingia Kenya au Uganda akumbuke kwamba kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, nayo hushughulikia madhara kwa wengine. Uharibifu wa gari lake huko nje hulipwa tu iwapo mkataba wake mwenyewe unafika nchi hizo.

Thamani iliyoandikwa ndiyo hujeruhi wengi. Tuseme gari na vifaa vyake vina thamani ya shilingi milioni 60, nawe ukakatia bima ya milioni 40 ili kupunguza ada. Ukipata hasara ya milioni 15, na mkataba ukiwa na sharti la wastani, yaani kulipwa kwa uwiano wa bima uliyokata na thamani halisi, utalipwa milioni 10, tena kabla ya kukatwa kile kiasi ambacho mteja hujibebea mwenyewe. Vivyo hivyo, gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikodishwa kwa watalii, hata kwa wikiendi moja, kampuni inaweza kukataa dai zima, na kwa maoni yangu haitakuwa imekuonea.

Hasara inapotokea, piga picha kabla hujasogeza chochote, pamoja na barabara, kina cha maji, namba za gari na mashahidi waliopo. Iwapo gari limezama mtoni, usijaribu kuliwasha: maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na injini ikilazimishwa kuzunguka, mikono ya pistoni hupinda, kisha mkaguzi wa hasara, anayelikagua gari kwa ajili ya kampuni ya bima, ataandika kwamba uharibifu huo umeuongeza wewe. Lifunike, livutwe, na risiti ya kulivuta itunzwe. Polisi wapewe taarifa mapema, kampuni nayo ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, na kwa maandishi, maana simu kwa wakala haiachi alama.

Gereji isiguse gari kabla mkaguzi wa hasara hajaliona, hata fundi akiwa ndugu yako. Mkaguzi huyo atatenga uchakavu na ajali, na hapo kumbukumbu za matengenezo, hasa za mpira wa kuzuia maji kwenye paa, ndizo zitakazokutetea. Hema lililokuwa likivuja tangu msimu uliopita halitalipwa.

Usitie saini hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla ya kulinganisha kiasi kilichopendekezwa na makisio ya gereji mbili. Usiporidhika, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe kwa barua. Jibu lake likikosekana au lisiporidhisha, peleka shauri, na nakala zote, kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.